Kikombe cha mwani na chai ya moto

Adui wa kwanza wa kikombe cha mwani ni chai. Chukua kikombe kilichotengenezwa kwa karaginani, ile gundi asilia inayotolewa kwenye mwani tunaoulima Unguja, Pemba na Kwale, kisha mimina chai iliyotoka jikoni sasa hivi. Haitachukua muda, ukuta utalegea, kitako kitapwaya, na chai yote itakuwa mezani. Weka juisi ya ukwaju yenye barafu, na kikombe hichohicho kitasimama imara mpaka tone la mwisho, halafu mnywaji akipenda atakitafuna.

Naanza na udhaifu huu kwa makusudi. Habari za vyombo vya kulika huandikwa kwa shangwe: picha ya mtu anang'ata bilauri, maneno mawili matatu kuhusu kasa wanaomeza mifuko, basi msomaji anaachwa aamini kwamba balaa la plastiki limekwisha. Mimi naiamini kazi hii, na naamini pwani yetu ina haki ya kupata fungu nono ndani yake. Ndiyo maana naona tuikague kama fundi anavyokagua ubao kabla ya kushika msumeno, ajue una nguvu wapi na unapasuka wapi.

Jambo la kwanza analojiuliza mbunifu wa vyombo hivi ni muda. Sahani nyepesi ya plastiki inayogawiwa kwenye harusi hufanya kazi kwa muda wa pilau moja tu. Baada ya hapo haina kazi tena lakini haiondoki, itakuwepo mtaroni na baharini miaka na miaka. Chombo cha mwani kinapangiwa umri wake mapema. Kikombe cha juisi kinatakiwa kivumilie nusu saa, boksi la chipsi saa moja, mrija wa dafu robo saa. Baada ya hapo kikubali kuoza, au kuliwa na kiumbe chochote kitakachokikuta. Tusisahau pia kwamba shughulini kwetu watu walikula kwenye sinia, wanne wanne au sita sita, sinia likaoshwa likarudishwa kabatini. Chombo bora kuliko vyote bado ni kile kinachooshwa. Mwani unatafutiwa nafasi pale ambapo kuosha hakuwezekani: ufukweni, stendi, kwenye mbio, kwenye chakula cha kufungasha.

Ni mbio hasa zilizowaonyesha watu wengi kwamba jambo hili linawezekana. Tarehe 28 Aprili 2019, kwenye marathoni ya London, wakimbiaji waliofika karibu na maili ya 23 walipewa vifuko laini vyenye kinywaji cha Lucozade badala ya chupa. Viliandaliwa zaidi ya 30,000. Mkimbiaji alikitia kinywani, akakitoboa kwa meno, akanywa. Ngozi iliyobaki akaimeza au akaitema. Vifuko hivyo, vinavyoitwa Ooho, ni kazi ya kampuni ya Notpla, iliyoanzishwa na Rodrigo García González na Pierre-Yves Paslier walipokuwa wanafunzi wa usanifu jijini London. Malighafi yake ni aljinati, inayotoka kwenye mwani wa kahawia. Aljinati ikigusana na kalisiamu hushikana papo hapo na kufanya utando, na utando huo hauyeyuki kwa moto. Kumbuka sifa hiyo ya mwisho, tutaihitaji.

Jakarta nako, kampuni ya Evoware ilikuwa imekwishatoa vikombe vya mwani vyenye ladha ya matunda, vya kunywea kinywaji baridi na kumalizia kwa kuking'ata kikombe chenyewe. Indonesia inaongoza duniani kwa kulima mwani wa aina ileile tunayolima sisi, kwa hiyo Evoware ilianza na kitu ambacho majirani zake walikuwa wanakianika mlangoni. New York, Chelsea Briganti na Leigh Ann Tucker wa Loliware walikuwa na vikombe vya rangi za kuvutia vilivyotengenezwa kwa aga-aga, gundi nyingine ya mwani. Mwaka 2015 walivipeleka kwenye kipindi cha televisheni cha Shark Tank, wakaondoka na ahadi ya dola 600,000 kutoka kwa Mark Cuban na Barbara Corcoran.

Sasa tazama walikoelekea. Loliware waliacha vikombe vya kutafuna wakageukia mirija, na punje za mwani zinazoweza kuingia kwenye mashine zilezile za viwanda vya plastiki. Notpla, walioshinda tuzo ya Earthshot mwaka 2022 na kupata pauni milioni 1, wanauza zaidi maboksi ya karatasi ya chakula ambayo ndani yamepakwa utando wa mwani mahali pa plastiki. Wote walianza na kitu cha kuliwa, wakaishia na kitu ambacho si lazima kuliwa.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kikombe utakachokila lazima kiwe safi kama mkate. Kimeshikwa na nani, kimekaa mezani muda gani, nzi wametua wangapi? Ukitaka kukilinda inabidi ukifunge, na kinachopatikana dukani kwa urahisi cha kukifungia ni plastiki. Juu ya hayo, mtu aliyekwishakunywa soda yake hana hamu ya kutafuna bilauri. Kwa maoni yangu, kulika kwa chombo ni dhamana yake, si kazi yake. Kikiwa ni salama kwa tumbo la mtoto, basi kikianguka mchangani kitakuwa salama kwa kaa, kwa samaki na kwa mbuzi anayezurura sokoni. Hilo linatosha. Hakuna haja ya kumlazimisha mteja ale kikombe.

Tuje nyumbani. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani. Leo wakulima ni maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno inatoka Pemba. Kazi inafuata bamvua: maji yanapopwa sana ndipo akina mama huingia shambani, wakafunga mbegu kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi wakavuna. Mwani unaanikwa, unatiwa guniani, unasafirishwa nje ukiwa mkavu. Huko ndiko inakotolewa karaginani inayoingia kwenye maziwa, dawa ya meno, soseji na aiskrimu, mara nyingine ikaturudia madukani kwa bei ambayo mkulima hawezi kuilinganisha na ile aliyolipwa kwa kilo.

Wakulima wanazijua aina mbili. Upo mwani mwembamba, ambao wanasayansi wanauita Eucheuma denticulatum na wafanyabiashara spinosamu. Upo na mwani mnene, Kappaphycus alvarezii, maarufu kwa jina la kotonii. Mnene unalipwa bei nzuri zaidi. Tofauti ya bei hiyo inatokana na kilichomo ndani, na kilichomo ndani ndicho kinachoamua kikombe kitakuwaje.

Mwani mnene hutoa karaginani ya kapa. Ikichemshwa ikapoa pamoja na potasiamu huganda ngumu, ikashika umbo na kukatika kwa makali safi ukiikata kwa kisu. Hii ndiyo ya kujengea kuta za kikombe. Mwani mwembamba hutoa karaginani ya iota, ambayo huganda laini, yenye kuvutika, ukiibonyeza inarudi. Nzuri kwa krimu, nzuri kwa utando wa kufungia, lakini ukijenga kikombe kwa iota peke yake utapata kitu kinacholala mkononi. Na tulicho nacho kwa wingi ni mwembamba.

Kotonii ilijaribiwa, ikastawi, halafu kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 ikaanza kufa katika maeneo mengi ya Zanzibar. Haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yanapopwa mchana wa jua kali, yanapata moto kupita kiasi, mmea unadhoofika, matawi yanageuka meupe na kukatika vipande vipande. Mkulima anakuta kamba tupu. Mwembamba una uvumilivu zaidi, ndiyo maana ndio uliobaki shambani. Bahari inavyozidi kupata joto, hata huo haujasalimika.

Kwa hiyo swali la kikombe cha mwani kwetu linaanzia kwenye kina cha maji, kabla ya kiwanda na kabla ya mtaji. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye ni mwanzilishi wa jumuiya ya kuendeleza zao la mwani Zanzibar iliyoanza mwaka 2006, amefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima hawa. Miongoni mwa yaliyojaribiwa ni kupeleka kotonii kwenye maji marefu yenye ubaridi, ikiwa ndani ya nyavu ndefu zilizoshonwa kama bomba ili mawimbi yasiing'oe. Mwani unakubali. Lakini kwenye maji marefu huendi kwa miguu ukiwa umefunga kanga kiunoni. Unahitaji chombo cha kwendea, na unahitaji kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa vijiji hivi hawakufundishwa utotoni. Anayezungumza habari za vyombo vya mwani bila kuzungumza habari za boti na mafunzo ya kuogelea kwa akina mama amekamata mkia akaacha kichwa.

Ili kuielewa kazi yenyewe, twende jikoni, kwa sababu hatua zake za mwanzo hazihitaji zaidi ya sufuria. Mwani mkavu wa guniani unanuka bahari na umepakaa unga mweupe wa chumvi. Unauosha, unauloweka kwenye maji baridi, unamwaga, unaloweka tena, mpaka harufu ipungue na matawi yavimbe yang'ae. Unauchemsha kwa moto mdogo. Taratibu matawi yanayeyuka na maji yanakuwa uji mzito wa kuvutika. Lazima uuchuje kwa kitambaa ungali moto, maana ukipoa umekwishaganda na haupiti tena. Uji huo unamiminwa katikati ya bilauri mbili, ndogo ndani ya kubwa. Ukishapoa, unachomoa kikombe cha kutikisika, cha kupendeza machoni, kizito mkononi, ambacho karibu chote ni maji.

Kuanzia hapo njia ni mbili. Ukikiacha kibichi, utakinywea leo. Kesho kimetoa jasho, keshokutwa kimeota ukungu. Ukikikausha, kinasinyaa, tena hakisinyai sawasawa. Mdomo, kwa kuwa ni mwembamba, hukauka kwanza na kujikunja nje; kitako kinabaki na unyevu, kinapinda, na kikombe hakikai tena mezani. Inambidi fundi achonge kalibu kubwa kuliko kikombe anachokitaka, apunguze tofauti ya unene kati ya mdomo na kitako, aweke mistari ya kusimamisha ukuta. Inambidi aongeze gliserini ili kikikauka kisipasuke, na wanga wa muhogo au nyuzinyuzi ili kisinyae kwa kiasi. Kila anachoongeza kinadai fidia. Gliserini ikizidi, kikombe kinavuta unyevu wa hewani na kunata vidoleni, na hewa ya pwani yetu unyevu haijapungukiwa. Wanga ukizidi, kinalowa upesi. Akipaka nta ya nyuki ndani, maji yanacheleweshwa vizuri kabisa, lakini nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo, na chai ya kwetu hunywewa ikiwa na moto zaidi ya huo.

Je, chai haina dawa? Ipo, lakini iko kwenye aina nyingine za mwani. Aga-aga ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Sifa hii iligeuza hata historia ya tiba. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch, Ujerumani, alimshauri mumewe aachane na jelatini ya kuoteshea vijidudu, kwa sababu ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Alimwambia atumie aga-aga, ambayo yeye aliijua jikoni kwa kutengenezea vitu vitamu, baada ya kufundishwa na rafiki wa familia aliyewahi kuishi Java. Maabara za dunia nzima zinaitumia hadi leo. Aga-aga hutoka kwenye mwani mwekundu wa jamii ya Gracilaria na Gelidium, na Gracilaria inaota yenyewe kwenye pwani yetu bila kupandwa. Aljinati nayo, ile isiyoogopa moto, inatoka kwenye mwani wa kahawia, na mwani wa kahawia wa jamii ya Sargassum tunaukanyaga ufukweni ukitupwa na mawimbi. Hapa ndipo ningependa kuona vyuo vyetu vikipeleka wanafunzi wa shahada za juu. Lakini mwani wa kahawia unahitaji uangalifu: baadhi ya aina hukusanya aseniki, na nyingine zina iodini nyingi mno, kwa hiyo chombo cha kushika chakula hakitoki hapo bila vipimo vya maabara.

Wakati tunasubiri hayo, ningeulizwa tuanze na nini, ningejibu: mrija wa dafu. Dafu lenyewe ni kikombe kilichokamilika, halina doa, halihitaji kuoshwa, na likitupwa linaoza. Kitu pekee kibaya kwenye dafu linalouzwa Forodhani au Nungwi ni ule mrija wa plastiki uliochomekwa juu. Maji ya dafu si ya moto. Mnywaji hakai nalo hata robo saa. Mrija unatumia malighafi kidogo sana, na haubebi uzito, kwa hiyo ulaini wa mwani mwembamba si hasara kubwa kama kwenye kikombe; ukichanganywa na kapa kidogo au aga-aga unapata mrija unaopinda bila kuvunjika. Muuzaji anaweza kuuchukua asubuhi kutoka kikundi cha kijijini, ukatumika siku hiyohiyo, na lile tatizo la kuufunga kwa plastiki halipo. Ukidondoka mchangani, unarudi ulikotoka. Wapo watakaosema bua la jani la mpapai linatosha, watoto wa pwani wamelitumia siku zote. Kweli linatosha, na anayeweza kulipata alitumie. Hoteli inayohitaji mirija mia kwa siku, ya urefu mmoja na usafi unaokaguliwa, haitaipata mpapaini.

Baada ya mrija, vikombe vya aiskrimu na vya juisi ya baridi. Baada ya hapo, utando wa ndani wa maboksi ya karatasi ya chakula cha kufungasha. Sahani ya pilau ningeiacha mwisho kabisa. Pilau ni moto, ina mafuta, ina uzito, na inaliwa na watu mia tatu kwa mpigo. Kwa hiyo bado nasema sinia.

Soko limekwishafunguliwa na sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo sahani, vikombe na mirija, katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko tarehe 1 Juni 2019. Umoja wa Ulaya, ambako watalii wetu wengi wanatoka, ulizuia sahani, uma, vijiko na mirija ya plastiki kuanzia tarehe 3 Julai 2021. Sheria yake ina kifungu kinachotuhusu moja kwa moja: plastiki inayotengenezwa viwandani kutokana na wanga wa mahindi inahesabiwa kuwa plastiki vilevile, ila malighafi asilia ambayo haikubadilishwa kikemikali inaachwa nje ya katazo. Mwani uliochemshwa na kuchujwa una nafasi ya kupita mlango huo. Na kwa walaji wa kwetu lipo la ziada ambalo halisemwi vya kutosha: vitu vingi vya kugandisha chakula hutumia jelatini ya wanyama, ikiwemo nguruwe, na Waislamu wamechoka kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Zao la baharini halina utata huo.

Bei ndiyo kikwazo kinachobaki. Mrija wa plastiki ni rahisi kiasi kwamba muuzaji anautoa bure. Wa mwani hauwezi kushindana nao kwa mama muuza juisi wa Mwanakwerekwe, na itakuwa dhuluma kumtwisha yeye gharama ya kusafisha bahari. Wanaoweza kuibeba ni hoteli za ufukweni, ambazo mgeni wake analipa kwa usiku mmoja fedha ambazo mkulima wa mwani anazitafuta kwa msimu. Ufukwe msafi ndiyo bidhaa wanayoiuza. Ingefaa wao wawe wanunuzi wa kwanza, kwa mikataba ya mwaka mzima na vikundi vya wakulima, ili vikundi vipate ujasiri wa kununua vikaushio na kalibu. Akina mama hawa hawaanzi sifuri: tayari wanatengeneza sabuni ya mwani, mafuta, unga wa mwani na juisi, na mikono yao inaujua uji ule kuliko mhandisi yeyote atakayeshuka uwanja wa ndege na kompyuta yake.

Lipo jambo moja linaloniuma katika habari hii yote. Mwani tunaoutaka uondoe plastiki unafungwa shambani kwa plastiki. Kila tawi la mbegu linashikizwa kwenye kamba kwa kipande chembamba cha uzi wa plastiki, na kamba moja ina vipande vingi. Vinakatika, vinachukuliwa na maji, vinabaki kwenye mchanga na kwenye miamba. Kamba kuu nazo ni za nailoni. Mnunuzi makini wa Ulaya akija kukagua kikombe kisicho na plastiki, atauliza kimetoka shamba gani, na atakapofika shambani ataviona vipande hivyo.

Kabla mwani haujaletwa, wanawake wa vijiji hivihivi walifukia makumbi ya nazi pwani, wakayafukua yakiwa yamelainika, wakayaponda na kusokota kamba zilizofungia majahazi. Wazee wanaojua kusokota bado wapo. Kamba ya makumbi inavumilia maji ya chumvi; kinachotakiwa kujulikana ni kama inaweza kusokotwa nyembamba kiasi cha kushika shina la mwani kwa wiki sita bila kulikata. Jaribio hilo linahitaji shamba moja na bamvua tatu.